Nunua Ubavu, Usinunue Meno

Najua mnaonisikiliza ni wengi, ila leo nina maneno na mtu mmoja hasa. Ni yule aliyejaliwa gari la foo-wili, liwe Prado, Hilux, Pajero au Land Cruiser ya zamani, anayeishi hapa upande wa Salama na Malili, au kule chini Kibwezi, au ng'ambo ya mto Athi huko Mutomo na Mwingi. Ameanza kuweka pesa kando anunue matairi makubwa yenye meno marefu. Ameyaona chini ya magari yanayopita Salama kuelekea Tsavo. Yanapendeza, sibishi. Gari likivishwa matairi hayo husimama kifua mbele, na hata mwenye gari hutembea tofauti kidogo.

Kwako wewe, ndugu yangu, naomba usikilize kwanza kabla hujafika dukani. Matairi manne ya namna hiyo na la tano la spea si pesa ya mchezo. Ni pesa ambazo nyumba nyingi za huku zingelipia karo au zingechimbia kisima. Na ninavyoona mimi, watu wengi wa Ukambani hununua meno, ilhali ardhi yetu inadai ubavu.

Hebu simama pale Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, chini ya kilomita 100 kutoka Nairobi, uitazame nchi iliyokuzunguka. Ukielekea Nairobi, muda si mrefu umeshuka Malili na Konza, kwenye uwanda wa Kapiti wenye udongo mweusi unaonata. Ukiipa barabara mgongo ukapanda kuelekea vilima vya Kilungu na Nunguni, unakuta udongo mwekundu, miteremko mikali na mawe. Ukishuka na barabara kuu kupita Sultan Hamud, Emali na Makindu hadi Kibwezi, unayakaribia mawe meusi ya volkeno yaliyomwagwa na vilima vya Chyulu. Na ukivuka Athi kuingia Kitui, unakutana na mito ya mchanga. Hizo ni ardhi nne, na kila moja ina lake inalotaka kutoka kwa tairi. Katikati yake zote imepita lami, yenye malori usiku na mchana. Mwenye gari anayeuliza tairi gani ni bora bila kusema gurudumu lake linashinda wapi bado hajauliza swali.

Nianze na mchanga, kwa sababu hapo ndipo meno huwadanganya watu zaidi. Mito ya Kitui, Tiva, Thua, Tyaa, Enziu na mingine, hukaa miezi mingi bila maji juu. Unachokiona ni ukanda mpana wa mchanga mweupe kati ya kingo mbili, na njia ya magari imekatiza hapo. Mtu aliyevaa matairi ya M/T, yaani yale ya matope, huingia kwa kujiamini. Katikati ya mto gari linapunguza mwendo, naye anakanyaga mafuta. Kila jino la tairi lile ni sepetu. Gurudumu likizunguka bila gari kusonga, sepetu zote zinachimba kwa pamoja, na kabla hujahesabu hadi kumi ekseli imelala juu ya mchanga. Pale pale mwenye tairi la kawaida lililoanza kulika meno anaweza kupita, mradi amepunguza upepo.

Upepo ndio siri ya mchanga. Tairi lenye presha ya 35 limesimama wima na linakanyaga padogo. Lishushe hadi 18, na gari zito likiwa juu yake ubavu unalegea, na alama ya tairi chini inarefuka. Wengi hudhani tairi hutanuka kwa upana tu, lakini faida kubwa iko kwenye urefu. Uzito uleule wa gari umegawanywa mahali pakubwa zaidi, hivyo mchanga haupasuki chini yako. Ukiwa hivyo, endesha polepole kwa mwendo usiobadilika, usikate kona ghafla, usifunge breki kwa nguvu. Ukihisi gari limegoma, ondoa mguu mara moja. Shuka, toa mchanga ulio mbele na nyuma ya magurudumu, shusha upepo hadi 15, kisha urudi nyuma kwa njia ileile uliyojia, kwa sababu mchanga ule umeshakanyagwa. Chini ya 15 kuwa mwangalifu sana, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na asubuhi ni bora kuliko adhuhuri: mchanga wenye unyevunyevu hushikamana, uliokaushwa na jua hutawanyika.

Ningali kwenye mto, niseme jambo la utu. Mchanga ule ni hifadhi ya maji. Akina mama na watoto wetu huchimba visima humo ndani, na punda hunyweshwa hapo. Katika mito mingi ya Makueni, Machakos na Kitui wanakijiji wamejenga kwa jasho lao kuta za saruji zinazozuia mchanga, nao mchanga ukazuia maji. Usipitishe gari juu ya ukuta wa namna hiyo, wala usizungushe magurudumu karibu na kisima cha watu. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 kwa sababu malori ya kuchota mchanga yalikuwa yakiimaliza mito. Mwenye foo-wili asiongeze jeraha juu ya jeraha.

Sasa twende Kapiti, kwenye udongo mweusi. Hapa nayatetea matairi ya M/T bila kusita. Udongo ule ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, ndiyo sababu kiangazi unaona nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuzama. Mvua ya nusu saa inatosha kuugeuza gundi. Tairi la kawaida, hata lile la A/T linalosemwa kuwa la kila mahali, hujaa udongo katikati ya meno yake, na baada ya mizunguko michache limekuwa gogo laini lisiloshika chochote. M/T ina nafasi pana kati ya jino na jino. Gurudumu likizunguka kwa kasi kidogo, udongo unarushwa nje na meno yanapata kushika tena. Utaona matope yanaruka hadi kwenye paa. Usione haya, hiyo ndiyo kazi yake.

Tena kwenye tope la namna hiyo upana si rafiki wa dereva. Wazee waliopanda Land Rover za misheni na za idara za serikali wanayakumbuka matairi ya 7.50-16, membamba na marefu. Wembamba ule ulikata tope la juu ukafika kwenye udongo mgumu wa chini. Land Cruiser nyingi za kazi bado zinavaa kipimo hicho, na wanaozitumia hawafanyi hivyo kwa kukosa pesa za kubadilisha.

Lakini jiulize, ni siku ngapi kwa mwaka unalala ndani ya tope lile? Ukambani hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa huku huzitegemea zaidi hizi za vuli. Hata katika majira hayo mvua hunyesha ikapumzika, jua likatoka, na baada ya siku moja au mbili njia imekauka juu. Kama wewe ni muuguzi ambaye zahanati yake iko ndani kabisa ya uwanda, au unapeleka maziwa kila alfajiri mvua isubiri isisubiri, nunua M/T na usimsikilize mtu. Kama unaingia shambani Jumamosi na kurudi Jumapili, unaweza kuisubiri njia ikauke, na kusubiri hakuna bei.

Sasa nifike kwenye ubavu, ambao ndio ulionileta kwenye kipaza sauti leo.

Njia zetu haziui tairi kwa kulipokonya meno. Huliua kwa kulichana ubavuni. Ukitoka Kibwezi kuelekea vilima vya Chyulu unakutana na mawe ya volkeno changa, mengine yaliyomwagika karne chache tu zilizopita, na kingo zake bado zina makali. Upande wa Kitui kuna uwanda wa juu wa Yatta, ambao wenyewe ni mto wa volkeno uliogandana zamani sana, urefu wake ukikaribia kilomita 300, mmoja wa mirefu kuliko yote duniani. Kwenye njia za Kilungu maji ya mvua huondoa udongo na kuacha mawe yamesimama kama yalivyozaliwa. Na kila mahali kuna migunga. Mwiba wa mgunga huingia, hukatika, hubaki ndani. Tairi linapungua upepo kidogokidogo, dereva hajui, na anapofika kwenye lami akashika mwendo, ubavu uliolegea unapinda na kunyooka mara nyingi kwa dakika, unapata joto, na tairi linapasuka likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa.

Mwulize fundi yeyote wa pancha pale Salama. Ukimpelekea tundu la msumari katikati ya uso wa tairi, ataliziba na utaendelea na safari yako. Ukimpelekea tairi lililokatwa ubavuni, fundi mwaminifu atakuangalia usoni na kukwambia, "Mzee, hili limekatwa mbavu. Naweza kulishona likufikishe nyumbani polepole, lakini Mombasa usiende nalo." Msikilize huyo. Ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote, ndiyo inayopinda, na hakuna kiraka kinachorudisha nyuzi zilizokatika.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujayasifu meno, inama usome maandishi ya ubavuni. Tafuta herufi LT mbele ya kipimo. Hizo zinaonyesha kwamba tairi limejengwa kwa magari ya kubebea mizigo, lina tabaka imara zaidi kuliko la gari la abiria. Tafuta idadi ya plai: sita, nane, kumi. Siku hizi namba hiyo haimaanishi kwamba ukilipasua utahesabu tabaka kumi, inaonyesha nguvu tu, lakini kumi ni imara kuliko sita, hilo halijabadilika. Tafuta namba ya uzito. Tairi lenye 112 linabeba kilo 1,120, lenye 121 linabeba kilo 1,450. Herufi inayofuata ni ya mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. M/T nyingi huishia kwenye Q. Barabara zetu haziruhusu hata mwendo huo, hivyo herufi hiyo isikutishe.

Na jambo ambalo wauzaji wengi hawatakwambia ni hili: ubavu imara hauji na meno marefu peke yake. Kuna matairi ya A/T yaliyojengwa kwa LT na plai kumi, yenye ubavu wa tabaka tatu. Kuna pia matairi yenye meno ya kutisha ambayo ubavu wake ni wa gari la kwenda sokoni. Hayo ya pili hupendeza kwenye picha, na mawe ya Chyulu huyamaliza. Ukiniuliza mimi mtu wa Salama anunue nini kwa gari lake moja la familia na shamba, nitasema A/T ya LT, plai nane au kumi, kipimo kilekile cha kiwandani. Nitasema hivyo leo na kesho.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi kidogo. Nairobi tulikuwa na kiwanda cha Firestone East Africa ambacho baadaye kikawa Sameer Africa, wenye matairi ya Yana, na jirani zetu wa Tanzania walikuwa na General Tyre pale Arusha. Mafundi waliyajua matairi hayo kama watoto wao. Walijua lipi huvumilia maramu na lipi hupasuka. Kiwanda cha Arusha kilisimama mwaka 2009, na cha Nairobi kikafunga uzalishaji mwaka 2016. Leo karibu kila tairi jipya dukani limetoka ng'ambo, majina ni mengi hata fundi mwenye miaka mingi kazini hajayagusa yote. Ndiyo maana nasisitiza kusoma. Jina linaweza kuwa geni kwako, lakini namba za ubavuni husomwa kwa namna ileile popote tairi lilipotengenezwa.

Na kama unatazama mitumba kule Kirinyaga Road, Nairobi, kuna namba moja usiipite. Fuata herufi DOT hadi mwisho wake, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1814 ni wiki ya 18 ya mwaka 2014. Tairi kama hilo linaweza kuwa na meno marefu yanayong'aa kwa rangi ya kiatu, lakini mpira umeshakauka. Likunje kwa kidole gumba kwenye mizizi ya meno uone nyufa. Ukiziona, liache hata likiuzwa bei ya kuku.

Turudi kwenye lami, maana ndipo gurudumu la mtu wa Salama linaposhinda. Jumatatu Wote, Jumatano Machakos, Ijumaa Nairobi. Hata kule ambako miaka ya nyuma meno yalihitajika, lami imefika: barabara ya Kibwezi, Ikutha, Mutomo hadi Kitui, iliyokuwa vumbi na mchanga, sasa inapitika kwa gari dogo. Kwenye lami M/T hugusa barabara kwa vipande. Mpira unaogusa ni mchache, na meno marefu huyumba chini ya uzito kila unapofunga breki. Lami ikiwa imelowa, gari husimama mbali zaidi kuliko lenye matairi ya kawaida. Mita hizo chache za ziada si neno dogo kwa mtu anayeijua barabara ya Salama, zile kona na miteremko, na lori lililopakia makontena limesimama mbele yako ghafla. Sijui familia ngapi za huku hazijawahi kumzika mtu kwa sababu ya barabara ile. Tairi la kukusimamisha linastahili kuthaminiwa kuliko tairi la kukutoa matopeni, kwa sababu tope litakuchelewesha tu.

Kelele, ulaji wa mafuta na kulika haraka kwa meno ni mambo ambayo kila mwenye M/T atakusimulia mwenyewe, siyarefushi.

Ila ukubwa nitauzungumzia. Prado nyingi huja na 265/65R17. Kimo cha tairi hilo ni kama milimita 776. Mtu akivisha 285/70R17 kimo kinafika kama milimita 831, zaidi kwa asilimia saba. Maana yake dashibodi ikikuonyesha 100, wewe unakwenda 107. Injini inafanya kazi kubwa zaidi kulizungusha gurudumu lile, breki nazo zinafanya kazi zaidi kulizuia. Ukikata kona tairi linakwaruza plastiki za ndani. Fundi atakwambia tuinue gari, mtainua, na gari likiinuka limekuwa rahisi kupinduka. Tazama jinsi hatua moja ya kutaka kupendeza inavyozaa nyingine tatu za gharama. Na kama gari lako ni lile ambalo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, usidiriki kuchanganya vipimo, mbele hivi na nyuma vile, au mawili mapya na mawili kipara. Difu ya katikati italipia tofauti hiyo mpaka ife.

Wapo watakaoniuliza, Safari Rally ilipitaje basi? Nafurahi ukiuliza, kwa kuwa historia ile iko upande wangu. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na kwa miongo kadhaa yalipita kwenye tope na vumbi ambalo vijana wa leo hawajaliona. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, gari la kawaida la kubebea familia. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika, kisha akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Gari la kwanza la magurudumu manne yanayovuta kushinda Safari lilikuwa Audi ya Hannu Mikkola, mwaka 1987. Miaka yote kabla ya hapo, ushindi ulichukuliwa na magari yanayovutwa na magurudumu mawili. Walishinda kwa kuisoma barabara, kwa kujua wakati wa kupunguza, na kwa kulifikisha gari likiwa zima. Wewe una magurudumu manne yanayovuta, na bado unadhani kinachokosekana ni meno?

Sasa naomba utulivu kidogo, kwa sababu nalazimika kuzungumzia maji. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, kule Mwingi, likijaribu kuvuka mto uliofurika. Zaidi ya watu 30 walikufa. Wengi tulitazama video ile, tukasikia kelele za watu waliosimama kingoni. Sitaki kuirudia hapa. Nataka tu aliyevaa matairi makubwa asikie hili: tairi lako limejaa hewa. Kadiri lilivyo kubwa, ndivyo linavyoelea zaidi. Maji ya sentimita 60 yakienda kwa kasi yanatosha kubeba magari mengi, hata ya foo-wili. Meno hayawezi kushika kitu ambacho hayakigusi. Tena mito yetu hujazwa na mvua ya mbali. Huku uliko jua linawaka, mchanga mkavu, na maji yaliyonyesha vilimani saa chache zilizopita yako njiani yanakuja. Ukiona maji yamebadilika rangi, yamebeba vijiti na majani, usiingie. Ukikuta wenyeji wamekaa ukingoni wanasubiri, kaa nao. Mwache anayekupigia honi nyuma apige.

Na nikuombe jambo moja kuhusu wanaopanda gari lako. Mwenye foo-wili kijijini huwa ndiye ambulensi, ndiye gari la maiti, ndiye gari la bibi harusi. Watu watakwambia, "Baba, gari lako ni kubwa, litapita." Wana heshima na wana haraka. Kukataa kunakuwa kugumu kwa mtu mwenye matairi ambayo kila mtu ameyasifu. Jifunze kukataa kabla ya mvua kuanza.

Tumalizie dukani. Ukichukua A/T ya kipimo cha kiwandani badala ya M/T kubwa, utabakiwa na pesa. Usizirudishe mfukoni zote. Nunua kipimo cha presha chako mwenyewe, kwa sababu vile vya petroli stesheni haviambiani ukweli. Nunua pampu ndogo ya umeme ile inayofungwa kwenye betri kwa vibanio, usichukue ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, kwa kuwa matairi manne ya Land Cruiser yataichosha. Bila pampu utaogopa kushusha upepo mtoni, na ukiogopa kushusha utazama. Ukitoka mchangani na huna njia ya kujaza, usipande lami na presha ya 18 ukidhani utafika Emali polepole. Jaza hapo hapo kivulini, hata ikichukua nusu saa.

La spea liwe la kipimo kilekile, tena libadilishane zamu na mengine manne, ili yote matano yalike kwa pamoja. Mengi yanayoning'inia chini ya gari huoza pale bila kuwahi kukanyaga barabara, na siku yanapohitajika hayana upepo. Libonyeze mara kwa mara. Jaribu pia kulishusha ukiwa nyumbani, mchana, kwa jeki na spana zako mwenyewe, maana mnyororo wake hushika kutu, na hilo hutaki kuligundua saa mbili za usiku kati ya Voo na Mutomo.

Fundi akishakufungia matairi mapya, simama upande wake mpaka nati zote zikazwe kwa mkono na spana, si kwa mashine ya upepo peke yake. Kisha endesha kama kilomita 100, kutoka Nairobi hadi ukipita Salama kidogo, usimame pembeni, uzikaze tena zote. Mara nyingi utakuta moja au mbili zimelegea.

Wiki ijayo saa kama hizi tutazungumza kuhusu kamba za kuvutia na winchi.